Nilivyoupata ukweli wa jikoni Ujiji na Mwandiga

Mimi ni mtafiti wa masoko, na kwa muda mrefu nimejikita katika utafiti wa kimaelezo, yaani ule usiohesabu ni watu wangapi wanaotumia bidhaa fulani, bali unatafuta kujua kwa nini wanaitumia au kwa nini wameiacha. Ninaishi Tabora, lakini kazi hunipeleka Kigoma mara kwa mara. Kazi ninayotaka kuieleza ilitoka kwa mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, ambaye chupa zake zilikuwa zikitoka vizuri Tabora huku zikikaa tu madukani Kigoma. Alikuwa amekwisha kupitisha dodoso, na karibu kila aliyeulizwa alijibu kwamba mafuta yale ni safi, ni mazuri na bei yake inafaa. Majibu yalikuwa mazuri lakini manunuzi hayakuwepo, na hapo ndipo tulipoitwa.

Kigoma ni nchi ya mawese. Michikichi imekuwapo huko vizazi na vizazi, na tangu mwaka 2018, Serikali ilipoanzisha kampeni ya kulifufua zao hilo, habari zake zimezidi kuwa mdomoni mwa watu. Mgeni akibisha hodi katika nyumba ya namna hiyo akiwa na chupa ya mafuta ya alizeti mkononi na karatasi ya maswali, ataheshimiwa, atapewa kiti, na ataambiwa maneno ya kumfurahisha. Huo si uongo. Ni malezi, na mtafiti asiyeyafahamu ataondoka na daftari lililojaa adabu.

Kwa hiyo nilianza na watu wa kufanya nao kazi kabla ya kugusa maswali. Wengi hudhani kwamba kuongoza majadiliano ya vikundi kunahitaji mtu mcheshi, mwenye maneno mengi. Kwa uzoefu wangu, mcheshi anafaa sana katika kutafuta washiriki, na kijana wetu wa Mwanga aliyefanya kazi hiyo alikuwa na kipaji cha kusalimia mtaa mzima bila kumruka mtu. Lakini kwenye mkeka nilimweka dada mmoja mzaliwa wa Kasulu, mzungumzaji wa Kiha, mtu mpole anayeweza kuuliza swali kisha akanyamaza, akaendelea kunyamaza, bila uso wake kuonyesha kwamba amechoka kusubiri. Unukuzi, yaani kuyaandika mazungumzo yaliyorekodiwa neno kwa neno, nilimpa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Tabora, ambaye huandika hata pale mtu alipoguna au alipocheka kabla ya kujibu. Mchambuzi wa mazungumzo anauhitaji mguno ule kuliko anavyoihitaji sentensi inayoufuata.

Baada ya barua zetu kupokelewa katika ofisi za kata, wenyeviti wa mitaa walikuwa tayari kutuletea washiriki wao wenyewe. Tuliwaomba kwa heshima watutambulishe tu, kisha tukapita nyumba kwa nyumba na maswali ya kuchuja. Hatukuwaweka pamoja wanachama wa kikundi kimoja cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, kwa kuwa wanajuana mno na kila mmoja analinda jina lake. Vilevile hatukumkalisha mkwe na mkamwana katika kikao kimoja, kwani hakuna mkamwana atakayeeleza anavyopika mbele ya mama wa mumewe. Kila kundi lilikuwa na watu wanane, wa umri unaokaribiana. Siku moja palitokea msiba jirani na tulipopanga kukutana, tukaahirisha na kwenda kuhani pamoja na wenyeji. Ratiba ya kazi hii hupangwa na mtaa.

Mbinu yenyewe tulijenga juu ya wazo la zamani. Katika miaka ya 1940 huko Marekani, mwanasosholojia Robert Merton, na baadaye yeye pamoja na Patricia Kendall katika makala yao ya mwaka 1946, walieleza usaili unaoanza na jambo ambalo msailiwa amelipitia hasa, kama vile kipindi cha redio alichokisikia au filamu aliyoiona, badala ya kumwomba maoni ya jumla. Wao walianza na redio, nasi tukaanza na chakula cha jana. Chupa ya mteja ilibaki ndani ya mkoba, na jina la bidhaa halikutajwa hadi mwishoni.

Huko Ujiji tulikaa kwenye baraza ya nyumba moja, majira ya saa nne asubuhi, akina mama wakiwa wametoka sokoni na bado hawajainjika chakula cha mchana. Tuliwaeleza kwamba sauti zitarekodiwa, kwamba majina yao hayatatumika, na kwamba yeyote anaweza kuondoka wakati wowote. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 maelezo hayo ni ya lazima, ingawa mimi ningeyatoa hata bila sheria. Kisha dada yetu akauliza, "Jana usiku mlikula nini, na kilipikwaje?" Wakataja ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na samaki aina ya migebuka. Mama mmoja mtu mzima alitawala mazungumzo kwa muda, mpaka dada akamwambia, "Bibi, tumekusikia na tumefaidika. Naomba sasa tuwape nafasi na wadogo zako." Bibi akakubali. Ukafuata ukimya mrefu, ambao dada hakuujaza. Mwishowe mwanamke mmoja kijana akasema, "Dada, mafuta yale meupe ninayo, ila ni ya wageni. Sombe nikiipika nayo, baba watoto ataniuliza kama mawese yamekwisha sokoni."

Jibu hilo lilitufungulia njia, lakini halikutosha. Wapo watafiti wanaoridhika na kauli nzuri ya namna hiyo na kuifanya kichwa cha ripoti. Mimi naamini kauli lazima ifuatwe mpaka jikoni, kwa hiyo tuliomba ruhusa ya kuwatembelea baadhi ya washiriki wakati wa kupika. Kwa mama mmoja wa Mwandiga niliona chupa ya mafuta ya alizeti rafuni, imeshika vumbi mabegani, nusu yake ikiwa bado. Mawese yalikuwa kwenye dumu dogo karibu na jiko. Alimimina bila kipimo chochote huku macho yake yakiwa sufuriani, na mboga ilipopata wekundu alioutaka, akaacha. Nilipomwuliza amejuaje kwamba yametosha, alinitazama kwa mshangao: "Mwanangu, si unaona rangi?" Mafuta meupe hayampi alama hiyo. Huyaongeza na kuyaongeza, chupa inakwisha mapema, naye anahitimisha kwamba ni ghali. Hapo nikaelewa kwa nini dodoso lilisema bei inafaa ilhali watu hawanunui.

Unukuzi ulichukua muda mrefu, kwa kuwa sehemu za Kiha zilihitaji kutafsiriwa na kusikilizwa upya na mtu wa pili. Nilisoma kila ukurasa kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa ripoti.

Mteja alitaka asilimia. Nilimweleza kwamba vikundi vichache havizai asilimia, na kwamba nikimpa nitakuwa ninamdanganya. Nilimpa badala yake maneno ya akina mama kama yalivyo, na mapendekezo mawili: ayanadi mafuta yake kwa chapati, maandazi na samaki wa kukaanga, mapishi ambayo wekundu hautakiwi, na ayauze pia kwa vipimo vidogo, kama mawese yanavyouzwa. La kwanza alilikubali mara moja. La pili alisema hataliamua kabla ya msimamizi wake wa mauzo kwenda kujionea mwenyewe. Nilikubali kuwaomba wenyeji wampokee, kwa sharti kwamba asivae fulana ya kampuni, asibebe chupa, na swali lake la kwanza liwe juu ya chakula cha jana.