Kaburi la Haji Ali

Binti yetu alipiga simu saa mbili asubuhi. Kwake Minneapolis, jimboni Minnesota, ilikuwa saa tatu tayari, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Mama, leo usithubutu hata kuulizia barua zenu. Posta wenyewe hawatoki."

Ilikuwa Jumatano, tarehe 30 Januari 2019. Asubuhi ile baridi ya Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, na wabeba barua, ambao nimewaona miaka yote wakipita na theluji magotini, walizuiwa kutoka. Binti akanisimulia jinsi mlango wa gari lake ulivyogandamana na barafu. Nami nilikuwa nje, nimekaa kwenye kiti cha kukunja, kanga nimejitanda juu ya sweta, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, nangoja jua lipande kidogo nivue hiyo sweta. Nilimwonea huruma mwanangu mpaka chai ikapoa.

Tulikuwa Quartzsite, mji mdogo wa Arizona kando ya barabara kuu namba 10, karibu na mto Colorado. Wakazi wake wa kudumu hawafiki 4,000. Lakini ikifika Januari, jangwa lote linalouzunguka huwa jeupe kwa magari-nyumba ya wastaafu waliokimbia baridi ya kaskazini, kutoka Minnesota, Dakota, Montana na majimbo ya Kanada. Wao hujiita ndege wa theluji. Tulikaa eneo linaloitwa La Posa, kusini mwa mji. Ardhi ni ya serikali kuu. Mwaka ule ulilipa dola 180, ukabandika stika yako kwenye kioo, na ukitaka uliweza kukaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Umeme ni wa paneli zako mwenyewe juu ya paa, maji ni ya tangi lako na madumu yako, choo umekuja nacho. Unachagua mahali, unasimamisha gari juu ya changarawe, unatandika mkeka, umehamia.

Dada yangu wa Tanga hakuelewa kabisa. Nilimtumia picha, akanirudishia ujumbe wa sauti: "Yaani umefanya kazi Marekani miaka yote hiyo, umestaafu, ndiyo unakwenda kulala porini ndani ya gari?"

Niseme kwa nini. Kwa miaka 17 kazi yangu ilikuwa kuogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Najua wanavyokaa kuanzia Novemba. Kiti kinasogezwa dirishani, mtu anatazama theluji, chakula cha mchana kinakuja, anatazama theluji, jua linazama saa kumi na nusu. Wengi hawakuwa wagonjwa kiasi hicho. Walikuwa wamefungiwa na hali ya hewa tu, na kidogo kidogo miguu ikasahau kutembea. Sasa mume wangu, aliyekuwa akipanga mizigo usiku katika ghala la uwanja wa ndege, alipostaafu, majira ya baridi ya kwanza aliteleza kwenye barafu mbele ya mlango wetu akavunjika kifundo cha mkono. Tangu siku hiyo hakutoka. Alisogeza kiti dirishani. Nilipokiona kile kiti pale, mahali palepale ambapo ningekiweka mimi kwa mgonjwa wangu, nililia jikoni. Mwaka uliofuata tulinunua gari-nyumba kuukuu kwa mzee aliyekuwa ameacha kuendesha, tukashuka nalo kusini siku nne.

Kule La Posa nilimwona babu wa miaka 80 amepanda ngazi kufuta vumbi kwenye paneli zake za sola. Nilimwona bibi mwenye vyuma vya magoti akienda kilomita tatu kila alfajiri na mbwa wake. Nilitamani kila niliyewahi kumwogesha angeliona hilo jua. Na mume wangu, mtu ambaye Minnesota hakuwa akivaa viatu wiki nzima, alianza kuamka kabla yangu, anawasha moto, anakwenda kusalimia majirani mmoja mmoja kama mzee wa mtaa.

Jirani wetu wa karibu alikuwa mkulima wa ngano mstaafu kutoka Manitoba, Kanada, mgane, miaka 79, mwenye kofia pana asiyoivua ila kwa kulala. Jumatano ile, simu ilipokwisha tu, alikuja na lori lake dogo.

"Nimesikia huko kwenu kumeganda," alisema. "Basi leo si siku ya kukaa mkihesabu nyuzi. Twendeni nikawapeleke kwa Hai Joli."

Jina hilo tulikuwa tumeshaliona. Liko kwenye vibao, hata eneo moja la kupiga kambi bure limepewa jina hilo, na linaandikwa Hi Jolly. Kwa Kiingereza ni kama mtu anakusalimia na kukuita mwenye furaha, na nilidhani ni duka au mchezo wa watoto. Mkulima akasema ni kaburi. La mtu wa ngamia.

Makaburi yako upande wa magharibi wa mji, mahali pakavu pasipo ua wala nyasi. Makaburi mengi ni ya zamani, wachimba dhahabu na familia zao, na yamezungushiwa mawe tu. Katikati kuna piramidi iliyojengwa kwa mawe ya jangwa lenyewe, ya rangi rangi, ndefu kuliko mtu, na juu kabisa amesimama ngamia wa shaba. Asubuhi ile mwanga ulikuwa nyuma yake. Pale, baina ya vichaka vya jangwani na milima isiyo na mti, ngamia yule hakuonekana mgeni hata kidogo.

Mume wangu alisoma kibao kwa sauti, polepole, huku akinitafsiria. Hapa ni kambi ya mwisho ya Hi Jolly. Alizaliwa mahali fulani Syria yapata mwaka 1828. Alifia Quartzsite tarehe 16 Desemba 1902. Mwendesha ngamia, mpakiza mizigo, mtafuta njia. Akafika hapo akanyamaza. Akarudi mwanzo. "Hai Joli," alisema. Akarudia kwa haraka. Kisha akaligeuza kidogo mdomoni, kama mtu anayeonja chakula anachokijua bila kukumbuka alikula wapi.

"Mama," akaniambia kwa Kiswahili. "Huyu ni Haji Ali."

Mwili ulinisisimka. Kwetu pwani Haji ni jina la mtoto wa jirani, la fundi cherehani, la mtu aliyezaliwa mwezi wa kuhiji. Nina binamu wawili wanaoitwa hivyo. Na jina hilo nilikuwa nimepita mbele yake kwenye vibao zaidi ya mwezi mzima nikidhani ni mzaha.

Mkulima akatusimulia anachokijua, na mengine nilikuja kuyasoma baadaye. Katika miaka ya 1850 jeshi la Marekani lilikuwa na tabu ya kuvuka majangwa ya kusini magharibi, farasi na nyumbu wakifa kwa kiu. Waziri wa vita wakati huo, Jefferson Davis, aliomba fedha za kununua ngamia, na bunge likatoa dola 30,000 mwaka 1855. Mwaka uliofuata meli ilishusha ngamia wa kwanza pwani ya Texas. Ali alikuwa mmoja wa watu walioletwa kuwatunza ngamia. Mwaka 1857 ngamia hao walisafiri na msafara wa Edward Beale uliokwenda kupima barabara ya kufika California. Askari hawakuweza kutamka jina lake, au hawakujisumbua, wakalifanya Hi Jolly. Halafu vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaja, mpango ukafa, ngamia wakauzwa, wengine wakaachiwa nyikani. Yeye hakurudi kwao. Alibeba mizigo, alilitumikia jeshi kama mtafuta njia, alitafuta dhahabu. Mwaka 1880 akachukua uraia kwa jina la Philip Tedro, akaoa Tucson, na mwishowe akaja kufia hapa. Piramidi ilijengwa na idara ya barabara ya Arizona mwaka 1935.

Nilimtazama mume wangu, nikangoja ainue mikono. Mtu wetu akipita makaburini anatoa salamu, anasoma Fatiha, ndivyo tulivyolelewa. Lakini alikuwa amesimama tu, mikono imeshuka.

"Mbona husomi?" nikamuuliza.

"Alibadili jina. Philip. Nitamsomea Fatiha bila kujua amekufa katika hali gani?"

Hakuwa akisema kwa ubaya. Mume wangu ni mtu anayeogopa kusema uongo mbele ya Mungu. Na ni kweli kwamba wapo wanaosema hilo la Philip Tedro ndilo jina alilozaliwa nalo, mama yake akiwa Mgiriki, na kwamba Ali alilipata aliposilimu na Haji alipokwenda Makka. Mtu mmoja, majina matatu, na moja kati ya hayo alipewa na watu wasioweza kulitamka jina lake.

Nilikuwa na hasira kidogo, sijui ilitoka wapi. Nikamwambia, "Baba, wewe ghalani wamekuita Mo miaka 18. Mohamed ilikuwa ndefu kwao. Nikikuzika kesho, akatokea mtu akasema huyu hakuwa Mohamed, alikuwa Mo, nimjibu nini?"

Hakunijibu. Upepo ulikuwa mdogo sana. Mkulima, ambaye hakuelewa neno hata moja, alisogea pembeni akajifanya anasoma kibao tena.

Kisha mume wangu akasema polepole, "Mungu ndiye ajuaye." Akainua mikono. Nami nikainua yangu. Akaisoma Fatiha kwa sauti, si ile ya haraka ya kumaliza shughuli. Aliisoma kama anavyomsomea mama yake. Nilikuwa sijamsikia akisoma hivyo tangu alipovunjika mkono. Tulipoitikia amina nikafungua macho nikakuta mkulima amevua kofia. Kichwa chake kilikuwa cheupe kabisa, jua halijakifikia kwa miaka.

Akauliza maneno yale yana maana gani. Mume wangu akamweleza kwamba ni ya kumsifu Mungu na kuomba atuongoze njia iliyonyooka.

Mkulima akaitikia kwa kichwa. "Inamfaa," akasema. "Kazi yake ilikuwa njia."

Mchana uliobaki ulipita kama siku nyingine. Nilipika wali wa nazi ya kopo na maharage, mkulima akaleta mkate aliouoka mwenyewe. Lakini usiku, baridi ya jangwa iliposhuka tukasogea motoni, mume wangu akaanza kusema jambo ambalo nilijua limemkaa tangu asubuhi.

Nieleze kwanza. Tangu tufike Minnesota tumechangia misiba mingi. Mtu akifa, zamani lilipitishwa daftari, siku hizi ni kundi la WhatsApp, watu wanatoa mpaka mwili unapanda ndege kurudi nyumbani. Kuna familia zimebaki na madeni. Na mume wangu wosia wake ulikuwa huohuo siku zote: Tanga, karibu na mama yake, chini ya ule mwembe. Alikuwa na akiba yake ya jambo hilo, hata nilipokuwa nikimwomba tutengeneze meno yake hakutaka iguswe.

"Yule nani alimrudisha kwao?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Hata hawajui alizaliwa mji gani. Wameandika mahali fulani Syria." Akachokoa moto. "Halafu miaka 33 baadaye wakaja watu wa barabara wakampangia mawe."

Nikasema, "Na leo umekuja wewe."

Alikaa kimya muda mrefu. Nyota za kule ni nyingi kupita kiasi, unaweza kukaa kimya bila kuona haya. Nilitaka kumuuliza: basi nikuzike wapi? Swali lilifika ulimini nikalimeza. Nimekaa na wazee wengi dakika zao za mwisho, najua swali la namna hiyo lisipoulizwa hujibiwa lenyewe. Alichosema ni kwamba moto umekwisha tukalale.

Asubuhi sikumkuta kitandani. Dumu moja la maji lilikuwa halipo, na dumu kule si kitu cha kuchezea, kila tone tulikuwa tumelifuata na gari. Nikamwomba mkulima anipeleke, hakuuliza wapi.

Tulimkuta peke yake kwenye piramidi, dumu liko miguuni, kofia ya swala kichwani. Kwetu kaburi la mtu wako hulimwagia maji, unaanzia kichwani unashuka miguuni, na ukijaliwa unapanda mrehani. Aliponiona hakushangaa.

"Sijui kichwa kiko upande gani," alisema.

Nikashika dumu kwa chini, yeye akashika kishikio chake, tukaizunguka piramidi yote tukimimina. Changarawe ilikunywa kila kitu papo hapo, nyuma yetu pakabaki alama nyeusi ya duara, nayo ilianza kukauka kabla hatujamaliza.