Nilivyolizoea neno "run"

Neno la Kiingereza lililonisumbua kuliko yote si refu wala la kisomi. Ni "run". Hufundishwa mapema kwa maana ya kukimbia, kisha ukianza kusoma magazeti unakuta kila kitu kinakimbia: pua yenye mafua, mto, rangi ya nguo iliyoloweshwa, programu ya kompyuta, hata mgombea urais.

Mwanzoni nilikuwa nikinakili maana kutoka kwenye kamusi, moja baada ya nyingine. Niliacha niliposoma kwamba wahariri wa kamusi kuu ya Oxford, walipolipitia upya neno hili kwa ajili ya toleo la tatu, waliorodhesha maana 645 za kitenzi peke yake. Katika toleo la kwanza, lililokamilika mwaka 1928, "set" ndilo lililokuwa na maelezo marefu kuliko yote, sasa limepitwa. Maana 645 hazikaririki, na Waingereza wenyewe hawajazikariri.

Aliyenitoa gizani ni "piga". Tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, kura, magoti na chafya, na hakuna anayedhani simu imechapwa. Maana hatuipati mpaka tusikie kinachofuata. Basi nikaanza kuwatazama majirani wa "run": nani yuko mbele yake, nini kiko nyuma.

Jambo la kwanza nililoliona ni yambwa, yaani kile kinachotendewa na kitenzi. Isipokuwepo, mara nyingi kuna mwendo usiokatika. "The tap is running", maji yanatoka bombani. "The road runs north", barabara inaelekea kaskazini. Tamthilia ikiwa "ran for two years", ilionyeshwa kwa miaka miwili mfululizo. Yambwa ikiwepo, aghalabu ni kuendesha: hoteli, semina, injini, jaribio la maabara. "Run a story" ni gazeti kuchapisha habari. Kanuni hii ina matundu, sikatai. "Run a temperature" ni kuwa na homa, na sijaona mgonjwa anayeiendesha homa yake. Hiyo niliimeza nzima nzima.

Vihusishi ndivyo vilivyonila muda. "Run into" peke yake ni kukutana na mtu bila kutarajia, kugonga ukuta, kuingia kwenye matatizo, au gharama kufikia mamilioni. Hapa nilikuwa naandika sentensi kamili daftarini, kwa sababu "run into" isiyo na mwenzake haina maana ya kushika. Kwa "run out" Kiswahili kilinisaidia tena. Waingereza husema "the milk ran out" na pia "we ran out of milk", na kwa muda mrefu sikuelewa nani hasa anayekimbia. Kumbe sisi pia tunazo njia zote mbili: maziwa yametuishia, tumeishiwa na maziwa. Tangu hapo haikunitatiza.

Usisahau nchi ya msemaji. Mmarekani anayegombea ubunge "runs", Mwingereza "stands". Mmoja anakimbia, mwenzake amesimama, na wote wanaomba kura. Soksi ndefu ya kike ikifumuka uzi, Marekani ni "run", Uingereza ni "ladder", yaani ngazi. Kwenye kriketi na besiboli "run" ni alama, kwa hiyo ukurasa wa michezo nilikuwa nausoma mwisho. "Bank run", kwa upande mwingine, ilikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea: wateja wanaikimbilia benki kutoa fedha zao kabla haijafilisika, na "kukimbilia" inatosha kabisa.

Siku hizi nikikutana na matumizi mapya nabahatisha kwanza, kamusi baadaye. "Runny egg" nilipatia: yai ambalo kiini chake hakijashika, ukilikata kinachuruzika. "Dry run" nilikaribia kukosea, kwani nilidhani ni mto uliokauka, lakini sentensi ilihusu sherehe, nikajua ni mazoezi ya kabla ya siku yenyewe. Ila "runner-up", mshindi wa pili, ilinigomea. Nilitafuta aliyekuwa akipanda kilima, sikumwona, nikafungua kamusi.