Usiku wa Pemba umejaa kelele

Nimerudi kwetu Mtambwe baada ya miaka 24 Uingereza, na usiku wa kwanza sikulala. Si joto, si mbu. Redio.

Nilikuja nayo mkononi safari nzima, nimeiviringisha ndani ya kikoi. Redio ndogo ya masafa mafupi, kali kuliko zote alizowahi kumiliki marehemu baba. Kule nilikaa ghorofani, zege kila upande, na kila mwaka nikijiambia: ngoja nirudi Pemba, nikae barazani kwetu, niisikie dunia tena. Basi baada ya Isha nikatoka nje, nikavuta eriali, nikawasha bendi ya mita 31. Mvumo. Kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mita 25, mvumo. Mita 49, mvumo ule ule, mwanzo mpaka mwisho wa mshale.

Ninyi wa umri wangu mnajua tulikotoka. Baba alikuwa na redio ya National ya bendi tatu, betri nne kubwa, na waya wa shaba uliotoka dirishani ukapanda mkarafuu. Betri zikichoka tulizianika jamvini pamoja na karafuu, zikapata nguvu ya siku mbili tatu, na zikirudi ndani redio nzima inanukia karafuu. Jua likishazama baraza inajaa. Kandili moja, wazee kumi, na hakuna anayekohoa mpaka habari zimalizike. Kabla Wajerumani wa Deutsche Welle hawajaanza husikika kile kinanda chao, vipande vya Beethoven, na sisi watoto tulikiimba njiani kwenda chuoni bila kujua Beethoven ni nani. Juni 1990, Cameroon walipoifunga Argentina, Mtambwe nzima ilipiga kelele gizani.

Na Januari 2001, habari za waandamanaji kupigwa risasi Wete, ng'ambo tu ya maji kutoka kwetu, tulizipata kutoka London kwa BBC na Cologne kwa Deutsche Welle. Sauti ilizunguka Ulaya ndipo ikatufikia. Siku chache baadaye nilikuwa ndani ya dau, pamoja na wengine wengi, kuelekea Shimoni, Kenya. Baba alifariki mimi sipo.

Najua idhaa nyingi zimekufa, hilo halikunishtua. Mtambo wa BBC wa Shelisheli ulizimwa 2014. Mwaka ule ule Moscow wakaacha masafa mafupi. Mtambo wa Deutsche Welle wa Kigali ukafuata Machi 2015. Sauti ya Amerika ilinyamazishwa Machi 2025. Vita baridi viliisha, fedha zikakatwa, watu wakahamia FM na intaneti. Nilishawalia mmoja mmoja huko huko ugenini. Lakini nilijua hewa yenyewe ipo. Hewa ya Pemba nani angeiua?

Asubuhi nikamwomba dada azime swichi kubwa ya nyumba. Mvumo ukapungua nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya jirani. Nikatembea na redio kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, nyumba hadi nyumba, na kila nilipokaribia dirisha ilinguruma zaidi. Ni chaja za simu, taa za LED za bei rahisi, vidude vya sola. Ndani ya kila kimoja kuna saketi inayoukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kama haikutengenezwa vizuri, kila mkato unamwaga uchafu hewani. Waya za nyumba zinageuka eriali ya uchafu huo. Sauti iliyosafiri kilomita elfu saba inafika hapa imechoka, nyembamba kama uzi, na chaja iliyo hatua tano kutoka kwako inaimeza.

Umeme wa gridi ulikuja Pemba 2010 kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Siulaumu. Dada ana friji, watoto wanasoma usiku, na mimi mwenyewe nimelala na feni. Lakini hakuna aliyetwambia kwamba lile giza letu lilikuwa mali. Lilitupa ulimwengu mzima kwa betri nne.

Mtoto wa kaka yangu alinihurumia. "Ami, London si ipo hapa kwenye simu? Tena safi, haikwaruzi." Kweli ni safi. Lakini haina safari ndani yake. Sauti ya masafa mafupi ilipigwa juu, ikagonga ionosfia, matabaka ya hewa ya juu yanayorudisha mawimbi, zaidi ya kilomita mia juu ya vichwa vyetu, ikashuka, ikadunda tena, na ikifika inajaa na kupwa kama maji ya bahari. Masikio yalijua kuwa anayesema yuko mbali. Usiku mmoja wa baridi, katika bustani ya watu Leicester, niliipata Dole, mtambo wa redio ya Zanzibar, kilohezi 11735, taarabu inapanda na kuzama. Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi. Nyumbani nilikupata kutoka kule. Leo nipo nyumbani na sipati chochote.

Ile National niliikuta. Watoto walishaing'oa spika wachezee sumaku, na dada anawekea humo sindano na vifungo.

Mnaofikiria kurudi na redio, nisikilizeni. Baraza sahauni. Msije na ya kuchomeka ukutani. Leteni ya betri, na waya mrefu, mita kumi au zaidi. Tafuteni pasipo nyumba. Nendeni jua likishazama, kwa sababu mchana tabaka la chini la ionosfia linameza mawimbi ya mbali, na usiku linatoweka.

Mimi juzi nilimchukua yule kijana wa kaka, tukapanda pikipiki, tukapita msitu wa Ngezi mpaka Vumawimbi. Hakuna taa hata moja. Nikautundika waya kwenye mti, nikawasha. Ukimya. Halafu Wachina, wengi, kila kona. Halafu Mwarabu anasoma Qur'ani, halafu Kiamhari. Mita 41 akatokea Msomali, Hargeisa, anafifia na kurudi. Simu ya kijana ilikuwa mfukoni, imezimwa kwa amri yangu. Alichuchumaa mchangani, akainamia spika.

"Polepole, ami. Umempita mtu."

Nikamwachia yeye kitufe.

Tutarudi Alhamisi. Kama kuna mwenye National ya zamani ya bendi tatu, spika yake nzima, iwe Chake, Mkoani au Konde, nainunua kwa bei yake.