Arusha Nilifuata Gitaa, Nikapata Tarumbeta

Basi la Tanga kwenda Arusha hupita Korogwe, Mombo, Same na Moshi, zaidi ya kilometa 400, na mwendo wote huo abiria wanapigiwa video za muziki kwa spika zilizopasuka. Nilivumilia kwa kuwa nilikuwa na langu. Mwaka 1970 ndugu Wilson na George Kinyonga, waliokuwa wakipiga magitaa na bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga, walihamia Arusha wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakawa wameshavuka mpaka kwenda Mombasa, na huko ndiko bendi yao ilikopata jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao wakajitenga, ikapatikana Les Wanyika. Nilitaka kuona Arusha imebakiwa na nini cha magitaa yale.

Ukumbi nilioelekezwa uko nje kidogo ya mji. Kiingilio shilingi 10,000, soda 2,000 kwa sababu "leo kuna bendi", na viti vya plastiki vinavyopitisha baridi yote ya Julai mgongoni. Jukwaani kulikuwa na gitaa la solo, la ridhim, besi, kinanda, dramu na waimbaji. Wimbo wa kwanza ulitoka safi, safi kupita kiasi. Dansi yetu ina magitaa yanayosukana: ridhim inashika mdundo, solo ya pili inajibu, na solo yenyewe inapanda juu yao wimbo ukishachangamka. Pale nilikuwa nasikia solo mbili na kuona moja.

Nikasogea mbele. Waya wa besi ulitoka kwenye gitaa ukaishia chini ya zulia. Kinanda kilikuwa na flashi imechomekwa. Mpiga dramu alipiga toazi likatikisika, na spika ikatoa toazi jingine, nusu pigo baadaye. Waimbaji peke yao ndio waliokuwa wa kweli, na hata wao kiitikio kiliendelea wakiwa wanakunywa maji.

Sababu ya kupiga muziki uliorekodiwa ni hesabu tu. Bendi kamili inataka mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, yenye njia za kutosha kila chombo, maiki za dramu, fundi mitambo anayejua kazi, na saa nzima au zaidi ya kupima sauti. Flashi inataka waya mmoja. Mwenye ukumbi akiona watu wanacheza vilevile, atalipia kingine cha nini? Kwa hiyo kabla ya kulipa, pita hapo saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Bendi inayopiga kweli utaikuta inagonga ngoma moja moja, mtu kwenye mikisa akiomba "besi tena, peke yake", na maiki ikipiga mluzi kila inapoelekezwa kwenye spika. Ukikuta kimya na meza zinapanguswa, rudi na pesa yako.

Upande wa sauti tupu Arusha haina deni na mtu. Kundi la rapu la X Plastaz lilianza hapa mwaka 1996, na albamu yao ya 2004 iliweka uimbaji wa Kimaasai wa mwenzao Merege ndani ya rapu, jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza anadhani ni ujanja wa studio. Si ujanja. Katika uimbaji wenyewe wa Kimaasai, kiongozi, olaranyani, anatupa mstari, kundi linaitika kwa pamoja, kisha linabaki chini likiguna mapigo ya koo huku yeye akipita juu na beti zake. Ngoma hakuna, mapigo yanatoka kooni, miguuni na kwenye shanga za mabegani. Mdundo ulishakuwamo, rapu ikaukuta. Lakini yale maonyesho ya mahotelini, yanayokatwa wageni wakishapiga picha za kuruka, hayafai kusafiriwa.

Kilichofaa kilikuja Jumamosi saa tisa mchana, kwenye kiplefti cha Mnara wa Saa, bila kiingilio. Pikapu mbele, nyuma yake gari la maharusi lenye riboni, kisha msururu wa magari yakipiga honi, na kwenye bodi ya ile pikapu bendi nzima ya matarumbeta imesimama inapiga. Wenyeji hawakugeuka hata kutazama. Mimi niliachia kifodi changu, daladala ya huko, kiondoke.

Upangaji wao nyuma ya gari una akili. Tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, inasimama imeegemea kabini, kwa kuwa ni nzito na hapo mtikisiko ni mdogo kuliko nyuma ya tairi. Tromboni zinawekwa ukingoni, maana ule mrija unaokwenda mbele na kurudi ukiuweka katikati utamgonga mwenzako kisogoni. Tarumbeta na saksafoni zinajaza katikati. Besi dramu imefungwa kwa kamba kwenye kona ya nyuma, ngozi ikitazama nje, mpigaji amekaa juu ya ukingo na mguu mmoja umebanwa ndani.

Wakifika kwenye tuta, tarumbeta zote zinashuka kutoka midomoni kwa pamoja. Chuma kikigonga mdomo uliobanwa kwenye meno, mdomo unachanika, na kazi ya mwezi imekwenda. Snea, ile ngoma ndogo, na besi dramu haziachi. Zinaushikilia wimbo mpaka tairi za nyuma zivuke, ndipo vyombo vya shaba vinaingia, na vinaingia pale wimbo ulipofika, si pale walipouachia.

Niliwakuta tena langoni mwa kanisa wakisubiri harusi nyingine. Nilimwamkia mzee wa tuba.

"Marahaba, kijana wangu. Wewe wa Pwani, lafudhi inakusema."

Nikamuuliza mbona tarumbeta zilikuwa zinapwaya kidogo mwanzoni. Akasema ni baridi. Hewa ndani ya bomba ikiwa ya baridi sauti inashuka; wakianza asubuhi wanapuliza pumzi tupu, bila mlio, mpaka bomba lishike joto, na tarumbeta inasukumwa mrija wake wa kusawazisha ndani kidogo. Jua likiwaka mchana mrija unavutwa nje tena. Saksafoni inasogezwa kinywa chake kwenye shingo yake. Asiyekumbuka kurudisha ndiye anayewapotosha wote, "na kwenye pikapu huwezi kusimamisha harusi ukapime sauti".

Yeye alifunzwa kanisani, na wengi wenzake vilevile. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kwao Ujerumani tenzi kupigwa kwa shaba lilikuwa jambo la kawaida. Mpaka leo ziko sharika za KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, zenye kwaya ya matarumbeta inayopiga sauti nne za kitabu cha nyimbo. Wakipanda pikapu wanazigawa upya: tarumbeta inabeba wimbo, saksafoni inaujibu, tromboni zinajaza, tuba inatembea na besi dramu. Pambio la Jumapili na bongo fleva ya wiki hii vinapita humohumo.

Hapo Tanga ikanijia. Pwani tulikuwa na ngoma ya beni, tarumbeta na ngoma na sare za kiaskari, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mavazi na kwa mashairi ya kukoseana adabu. Tukawa na Jamhuri na Atomic za dansi, Black Star na Lucky Star za taarabu, mji mmoja mdogo. Sisi shaba tuliipokea kwa askari, hawa kwa mchungaji, na ya mchungaji inaonekana kudumu zaidi, labda kwa sababu Jumapili hairuki wiki.

Atakayekwenda asiende Kwaresima, harusi za kanisani huwa zimesimama. Aende baada ya Pasaka, au Desemba mwishoni, Wachaga wakiwa wamerudi nyumbani na Moshi haina chumba cha bei ya kawaida. Jumamosi ajiweke Mnara wa Saa kuanzia saa nane. Jumapili ashuke Moshi, mwendo wa kilometa 80 hivi, aulize usharika wenye matarumbeta na awahi ibada ya kwanza. Akitaka kutunza, ampe kiongozi wa bendi. Akimpachika noti mpiga tarumbeta usoni katikati ya wimbo atampoteza pumzi.

Nilimuuliza mzee gharama ya kuwaleta Tanga kwa harusi moja. Akaitaja, nikaguna. Akasema nisiangalie watu, niangalie tuba: haikubali kulazwa kwenye buti chini ya mizigo ya watu, kwa hiyo inakatiwa tiketi na kukaa kwenye kiti kama abiria.