Nilivyopima kama maji ya Pangani yanaweza kutoa umeme

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: nenda mlangoni mwa mto siku ya bamvua (maji ya bahari yanapojaa na kupwa kwa wingi kabisa), pima maji yanavyokimbia, zidisha kwa saa za mwaka, upeleke hesabu kwa mfadhili. Ushauri huo bado unazunguka, na unaharibu pesa za watu. Naeleza nilivyofanya mimi, kwa sababu mlango wa mto Pangani unadanganya kwa urahisi. Ukisimama kwenye kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, maji yakiwa yanapwa, unaona mto mzima unavuta, na macho yanakwambia umeme upo.

Kabla ya kushika chombo chochote, elewa kipeo cha tatu. Nguvu ya maji yanayopita kwenye mita moja ya mraba ni nusu ya uzito wa mita moja ya ujazo ya maji (kilo 1,025 kwa maji ya bahari) mara kasi, mara kasi, mara kasi. Kwa mita 2 kwa sekunde unapata wati 4,100. Kwa mita 1 ni wati 512 tu. Kwa nusu mita ni wati 64. Ndiyo maana kosa dogo la kupima kasi halibaki dogo. Ukiandika 1.0 mahali penye 0.8, nguvu imeongezeka karibu mara mbili kwenye karatasi, na majini hakuna kilichobadilika.

Kimo cha maji nilikipima kwa bomba la plastiki la inchi 4 lililofungwa wima kwenye nguzo, limezibwa chini na kuachiwa tundu la milimita 6. Tundu likiwa dogo hivyo, mawimbi ya boti hayaingii, kimo cha ndani kinapanda na kushuka taratibu pamoja na maji yenyewe. Ndani kuna boya lenye kijiti kilichopigwa alama kila sentimita. Unasoma kila dakika 10, usiku na mchana, siku 15 mfululizo zikiwa chache kabisa. Ukiweza mwezi mzima, fanya mwezi mzima. Tundu huziba kwa tope, kwa hiyo lichokonoe kila maji yakitoka. Usitosheke na jedwali la maji la bandari ya Tanga, maana mto una ucheleweshaji wake, na kimo kikianza kushuka mlangoni, juu maji yanaweza kuwa bado yanaingia.

Siku 15 zina sababu. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kati yake kuna maji mafu. Pwani hii ya Tanga, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni mita 3 na zaidi, na wakati wa maji mafu hushuka hadi karibu mita 1. Tofauti hiyo, ambayo chini nitaiita kimo, ikiwa theluthi, kasi nayo inakuwa karibu theluthi, na theluthi ukiipandisha kipeo cha tatu ni sehemu moja ya 27. Aliyepima bamvua peke yake amepima siku chache nzuri za mwezi. Aliyepima bamvua za Machi au Septemba amepima kubwa kuliko zote za mwaka.

Sasa kasi. Niliambiwa nitupe chupa za plastiki nizihesabie muda kati ya vigingi viwili. Nilifanya kama nilivyoambiwa, na majibu yalionyesha maji yanayoingia ni mengi kuliko yanayotoka. Hilo haliwezekani. Kinachoingia lazima kitoke, na mto unaongeza chake juu. Sababu ilikuwa upepo. Alasiri upepo wa baharini unavuma kuelekea ndani, na chupa tupu inakaa juu ya maji kama tanga: maji yakijaa inasukumwa mbele, yakipwa inazuiwa.

Nikatengeneza kitu kingine, na hiki nakipendekeza kwa kila mtu. Chukua vipande viwili vya plaiwudi vya sentimita 60 kwa 60, vichanje hadi nusu, vichomeke kimsalaba. Funga jiwe chini ili visimame wima. Juu funga kamba ya nailoni yenye urefu wa kina unachotaka kupima, na mwisho wa kamba funga nazi yenye makumbi yake. Nazi inazama karibu yote, upepo haupati pa kuishika, na msalaba ulio chini ndio unaovutwa. Weka kamba ya mita 1, nyingine ya mita 2, nyingine ya mita 3, ziachie pamoja kutoka kwenye mtumbwi. Kwenye kingo simika jozi mbili za vigingi, umbali wa mita 50, na msomaji apige saa nazi inapokatiza mstari. Plaiwudi, kamba na mtumbwi wa kukodi havifiki laki mbili au tatu hivi. Chombo cha sauti cha kupima mkondo kwa kina kizima ni mamilioni, hata cha kukodi.

Nazi hizo zinakuonyesha kitu ambacho chupa haiwezi kukuonyesha kamwe. Wakati wa masika maji baridi ya mto hutoka juu huku maji ya chumvi, ambayo ni mazito, yakiingia chini. Nazi ya kamba fupi inakwenda baharini, ya kamba ndefu inasitasita au inarudi nyuma. Mtambo uliowekwa katikati ya tabaka hizo mbili hauna mkondo wa kuutumia.

Kisha hakiki kwa hesabu ya ujazo, ambayo haihitaji hata kulowana. Mfano, na namba hizi ni za mfano: eneo la maji linalopanda na kushuka ndani ya mto ni kilomita za mraba 6, kimo cha bamvua mita 3. Hizo ni mita za ujazo milioni 18, zinatoka kwa saa 6 na dakika 12. Kama mlango una upana wa mita 250 na kina cha wastani mita 4, yaani mita za mraba 1,000, wastani wa kasi ni mita 0.8 kwa sekunde na kilele ni 1.26 hivi. Nazi zako zikisema 2, kuna kitu hakiko sawa: ama umepima kwenye mkondo mmoja mwembamba, ama saa ya msomaji ina hitilafu.

Endelea na mfano huo. Kilele cha 1.26 ni kama wati 1,025 kwa mita ya mraba. Ukichukua wastani wa kipeo cha tatu kwa mwezi mzima, bamvua na maji mafu pamoja, zinabaki wati 175 hivi. Angalizo: ni wastani wa vipeo vya tatu, si kipeo cha tatu cha wastani. Rota, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na maji, ya kipenyo cha mita 2, ufanisi wa asilimia 30 baada ya hasara zote, inatoa wati 165, sawa na uniti 4 kwa siku. Paneli za jua za kilowati moja juu ya bati la pwani hutoa karibu kiasi hicho hicho, bila kupiga mbizi. Na rota hiyo inahitaji maji ya kina cha mita 5 wakati wa kupwa kwa bamvua: mita 1 juu ya mapanga, mita 2 za mapanga, iliyobaki kuyaepusha na mchanga na magogo yanayoshuka wakati wa masika.

Kuziba mlango kwa ukuta, ili maji ya bahari yafungiwe ndani na kupitishwa kwenye mitambo, nako nilikupigia hesabu. Nishati ya bwawa la aina hiyo hufuata kimo mara kimo. La Rance, kituo cha aina hiyo huko Ufaransa, iliyofunguliwa mwaka 1966 ikiwa na mitambo 24 ya megawati 10 kila mmoja, ina wastani wa tofauti ya maji kujaa na kupwa ya mita 8. Kimo cha 3 dhidi ya 8 ni nishati mara 7 pungufu kwa kila kilomita ya mraba, na hapo natumia bamvua yetu, si wastani wetu. Wahandisi hutaka wastani wa mita 5 kwenda juu. Ukuta ungefunga njia ya wavuvi, ungekusanya tope na kubadilisha maji ya mikoko, kwenye mto ambao tayari unatoa umeme kwa maporomoko: Hale megawati 21 na New Pangani Falls 68.

Kwa hiyo niliandika hapana kwa ukuta, na hapana kwa mitambo ya kuuza umeme kwenye gridi. Nikaacha wazi jambo moja: mtambo mdogo wa kuendesha taa za boya au vipima chumvi, mahali ambapo mto unabana na kasi ya maji mafu bado inazidi 0.7, kwa sababu chini ya hapo rota nyingi hazianzi kuzunguka. Anayetaka kupatafuta apime siku za maji mafu kwanza. Zikishindwa, hana haja ya kungoja bamvua.