Salfa Kwanza

Ilikuwa masika ya mwaka 1999, nikiwa mwaka wa pili Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Semina ya kemia ya kaboni ilikuwa Jumamosi asubuhi, na siku hiyo tulijifunza kanuni za kuyapa majina maumbo ya kemikali. Mvua ilishachafua njia ya Ubungo, na waliotoka mjini waliingia darasani wamelowa mpaka viatu. Mwalimu hakumngoja mtu. Alichora ubaoni pete mbili za pembe tano zilizoshikana ubavu, akaandika S pembe moja, N nyingine, na N ya pili palepale kwenye kiungo cha pete hizo; pembe zisizo na herufi ni kaboni. Akapangusa chaki mikononi.

"Hii wengi wenu mmeimeza mkiwa watoto. Nipeni jina."

Alikuwa anasema kweli. Ile ndiyo mifupa ya levamisoli, dawa ya minyoo ambayo mtaani kwetu kila mzazi aliiita Ketrax.

Swali la kwanza lilikuwa ipi kati ya pete mbili ni pete mama. Moja ni imidazoli, nyingine thiazoli. Zote zina nitrojeni, zote zina pembe tano, zote zina atomu mbili zisizo kaboni. Hapo ni sare. Lakini imidazoli ina nitrojeni mbili, ilhali thiazoli ina nitrojeni na salfa, na kanuni inasema mwenye aina nyingi zaidi za atomu ndiye mama. Jina likaishia na thiazoli. Kisha pande za pete mama zinapewa herufi: kutoka atomu ya 1 kwenda ya 2 ni a, kutoka ya 2 kwenda ya 3 ni b. Pete zetu zilishikana upande b. Kwa imidazoli pembe hizohizo ni 2 na 1, na zinaandikwa kwa mpangilio huo kwa sababu unatembea kufuata mwelekeo wa herufi za mama. Imidazo[2,1-b]thiazoli. Kaka mmoja wa mstari wa mbele alilitoa lote kwa pumzi moja.

Kazi ikaja kwenye namba. Zile za ndani ya mabano zikishaonyesha pete zimeshikana wapi, shughuli yake imekwisha. Umbo zima linahesabiwa upya, kwa kuzunguka ukingo wake wa nje. Atomu zisizo kaboni zipate namba ndogo kadiri inavyowezekana. Nitrojeni iliyokaa kwenye kiungo inahesabiwa kama wenzake, lakini kaboni ya kiungo haipewi namba yake: inachukua namba ya jirani aliyetangulia na kuongezewa herufi a.

Darasa likagawanyika. Upande mmoja walianza na salfa, wakazunguka, atomu zisizo kaboni zikapata 1, 4, 7. Upande wa pili walianza na ile nitrojeni isiyo ya kiungo, wakazunguka kinyume, nao wakapata 1, 4, 7. Kelele zikaanza. Kila upande ulidai wenzao wamechora vibaya.

Dada mmoja wa Tanga, ambaye kwa kawaida hakuwa mzungumzaji, alichomoa karatasi kwenye daftari lake, akachora umbo lile kwa kalamu nzito, akaenda dirishani. Akaibandika kwenye kioo kwa kiganja, upande wa wino ukitazama nje. Mwanga ukapenya, tukaona pete zilezile zimegeuka kushoto kulia, salfa imehama upande.

"Mchoro wa wale ndio huu," alisema. "Hakuna aliyechora vibaya. Tunachobishania ni nani aanze."

Wote tukamgeukia mwalimu. Akarudisha chaki mezani.

"Msiniangalie mimi. Someni kanuni inayofuata."

Kanuni inayofuata inasema namba zikilingana, oksijeni hutangulia, kisha salfa, kisha nitrojeni. Dada akaandika 1 kwenye salfa, 4 kwenye nitrojeni ya kiungo, 7 kwenye ile nyingine, na 7a kwenye kaboni iliyobaki kiungoni. Mwalimu akaongeza fenili, pete ya kaboni sita inayoning'inia kwenye levamisoli: ikaangukia namba 6. Kwa hesabu ya upande wa pili ingekuwa 2, na mkemia yeyote duniani anayesoma 2 angeiweka jirani na salfa. Angetengeneza kitu kingine kabisa.

Nilishawahi kufundishwa majina haya kwa kukariri, na bado naona kukariri kunamdhulumu mwanafunzi. Unakariri kwamba klorini ya klorokwini iko namba 7, ukiletewa umbo usilowahi kuliona unakwama. Asubuhi ile niliona kanuni ikikata shauri ambalo cheo wala sauti kubwa visingelikata, na mwalimu akakaa pembeni makusudi ili tulione hilo. Sijasahau hata mahali aliposimama.

Kabla hajatuachia alichora purini, mifupa ya kafeini na wenzake. Kwa utaratibu wetu mpya ingekuwa imidazo[4,5-d]pirimidini, na namba zake zingetoka vingine. Lakini mkemia Mjerumani Emil Fischer, aliyeipa jina mwaka 1884 na kuitengeneza 1898, alihesabu kwanza pete ya pembe sita yote, 1 hadi 6, kaboni za kiungo zikiwemo, ndipo akamalizia 7, 8, 9 kwenye pete ndogo. IUPAC, chama cha kimataifa cha kemia kinachotunga kanuni hizi, kilichoanzishwa mwaka 1919, kikayaacha mazoea hayo kama yalivyo. Wengine walinung'unika. Mimi niliona ni haki: vitabu vya miaka mingi vilishaandikwa kwa hesabu hiyo.

Tukashuka kantini, chai mkononi, na yule dada akachora purini nyuma ya karatasi ileile. Kafeini: methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu, kwenye 1, 3 na 7. Ukiondoa ya 1, ni theobromini ya kakao. Yeye alitaka hasa teofilini, dawa ya pumu, kwa sababu mdogo wake alikuwa anaitumia. Akaweka methili kwenye 1 na 3, akapaacha 7 patupu, akaikunja karatasi ampelekee nyumbani.