Kipande cha Ndara

"Mama, yule mtu katia sponji ndani ya gitaa!"

Binti yangu ndiye aliyeona. Mimi nilikuwa chini mkekani nachambua mchicha, sikio moja kwenye filamu. Ni ile filamu ya wapiga besi wa roki aliyoletewa na mjomba wake kwenye flashi, tuliyoahidiana kuitazama tangu Idi. Bendi ya The Who ilikuwa imekwisha kupita, na lile besi la mpigaji wao John Entwistle la 1965 linalojibizana na bendi nzima kama mtu aliyechoka kunyamazishwa. Sasa tulikuwa tumefika kwa James Jamerson wa Detroit. Jamerson si wa roki, alikuwa akirekodi kwa kampuni ya muziki wa soul iitwayo Motown, lakini wapiga besi wa roki wakiulizwa nani aliyewafungua masikio, humtaja yeye, Paul McCartney wa Beatles akiwa wa mbele. Wakaonyesha gitaa la aina aliyokuwa akipiga, Fender Precision, kifuniko cha chuma kimeondolewa, na pale mwisho nyuzi zinapofungiwa, kipande cha sponji kimebanwa chini yake.

"Ya nini?" akauliza.

Nikauacha mchicha. Puani ilikuwa imeniingia harufu ya maji yaliyochemshiwa chuma, na chini ya kisigino cha mguu wa kushoto nilihisi ubaridi wa sakafu, mguu huo mmoja tu.

Mwaka 1983 tulikuwa bado Majengo, Mombasa, kwenye vile vyumba viwili vya uani. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa akipiga besi katika bendi ya klabu moja ya mjini, na wiki ile palikuwa na habari kwamba manowari ya Wamarekani inaingia Kilindini. Wanamaji wakishuka hawakutaka rumba, walitaka nyimbo za kwao. Mwenye vyombo akawapa wanamuziki wake kaseti moja na siku tatu za kushika nyimbo sita. Mmoja ulikuwa ule wa bendi ya Queen ya Uingereza, uitwao "Another One Bites the Dust", uliotoka 1980.

Huku pwani Queen ikitajwa, hutajwa Freddie Mercury, na ni haki, mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 akaenda kuimbia dunia. Baba simkumbuki akimtaja Freddie hata mara moja. Yeye alikuwa na wake, John Deacon, mpiga besi aliyeutunga wimbo huo. "Huyu," alikuwa akisema huku akigonga ganda la kaseti kwa kidole, "huyu anajua kunyamaza."

Siku ya pili ya zile siku tatu, baada ya Magharibi, nilimkuta Baba jikoni mbele ya jiko la makaa. Kitu hicho kilikuwa hakijatokea tangu nizaliwe. Sufuria ilikuwa imejaa maji, na ndani yake zilijiviringisha nyuzi nne za besi, ule mnene chini kabisa. Nyuzi za besi zilikuwa ghali, tena hazikatiki ovyo kama za gitaa la solo, kwa hiyo kila pesa ya nyuzi ikipatikana, mpiga solo ndiye aliyefikiriwa kwanza. Zile za Baba zilikuwa na miaka kadhaa. Jasho, mafuta ya vidole na vumbi huingia katikati ya ule waya mwembamba uliozungushwa juu ya uzi, na uzi ukishashiba uchafu huacha kuimba, hudunda tu. Ukiuchemsha, uchafu hutoka na uzi hurudiwa na uhai kwa siku chache. Jamerson, nimeona kwenye filamu, hakubadilisha nyuzi zake mpaka zikatike, na aliamini ule uchafu ndio wenye utamu. Baba angebishana naye usiku kucha.

Mama aliposikia harufu akatoka chumbani. Akaitazama sufuria yake, akamtazama mumewe.

"Baba watoto, vyombo vyako na vyombo vyangu visikutane."

"Leo tu."

"Hiyo ni ya chai."

"Nitaisugua mwenyewe."

Zilipotoka motoni alizifuta kwa kipande cha kanga kuukuu, kisha akazibana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo. Zikaning'inia pale uani kati ya sare zangu za shule, zikidondosha maji ya kahawia. Majirani waliokuwa wakipita hawakuuliza. Walishamzoea Baba.

Kisha ndiyo ikaja ile saa.

Nyumbani hatukuwa na amplifaya. Ya klabu ilikuwa ya mwenye vyombo na haikutoka mlangoni. Gitaa la besi lisilo na amplifaya ni kama bubu, unaona vidole vinakwenda lakini humsikii mtu. Baba alikuwa na dawa yake. Alikaa kwenye kibago, akakiegemeza kichwa cha gitaa kwenye ubao wa kabati la vyombo vya Mama, akakikandamiza hasa, halafu akapiga. Kabati zima likaimba. Mtikisiko ulishuka kwenye shingo ya gitaa, ukaingia kwenye mbao, na mbao zikawa spika. Na kwa kuwa ndani mlikuwa na glasi za wageni, bilauri za shira na sahani za udongo, navyo vikaitikia, kila noti ikitoka na mlio mwembamba wa kioo nyuma yake.

Niliweka sikio kwenye mlango wa kabati. Mpaka leo nimesikiliza spika za kila namna, na sijasikia besi kama ile. Ilianzia kwenye fupa la shavu, ikashuka kooni, ikatulia kifuani.

Lakini Baba alikuwa amekunja uso. Akarudia. Akarudia tena. Akasonya.

"Hazinyamazi," akasema.

Sikuelewa. Nyuzi zilikuwa zikilia vizuri kuliko siku zote, sasa kosa lao nini? Akanionyesha. Wimbo ule unateremka kwa noti mbili mpaka kwenye uzi mnene ulioachwa wazi, noti ya chini kabisa ya besi, unapigwa hapo mara tatu, kisha unakuja uwazi. Hakuna kitu. Ngoma inatembea peke yake, na watu wanaocheza huko chini miili yao inangoja. Uzi uliokufa humaliza wenyewe, ukiupiga unadunda na basi. Hizi zilizofufuliwa jikoni ziliendelea kulia, sauti ikafurika mpaka ndani ya ule uwazi na kuujaza, na wimbo ukawa kama maneno yasiyo na mwanya kati ya neno na neno. Kuzizima kwa viganja mwenyewe alijua, lakini vidole vilivyozoea nyuzi mfu vilikuwa vinachelewa kidogo, na uchelewaji wa kidogo kwenye wimbo ule unasikika.

"Mamangu."

"Bee."

"Njoo hapa. Weka mkono wako juu ya nyuzi, usiziguse. Nikikutikisia kichwa, lalisha kiganja. Usibonyeze, lalisha tu, kama unambembeleza paka. Nikikutikisia tena, toa."

Tukaanza. Mara ya kwanza niliwahi, nikaiua noti ya tatu. Mara ya pili nilichelewa. Hakunigombeza. Alipunguza mwendo, akaanza kuhesabu kwa mdomo, na goti lake lilikuwa likipanda na kushuka kando ya mbavu zangu. Sijui tulirudia mara ngapi. Nakumbuka nyuzi zilikuwa bado na joto. Nakumbuka ule uzi mnene ulivyokuwa ukinitekenya kiganja sauti ilipokuwa ikifia ndani yake. Halafu ikafika mahali sikuwa tena nangoja kichwa chake. Moja, mbili, tatu, nalalisha kiganja, na palepale glasi zote kabatini zinanyamaza kwa pamoja. Chumba kinatulia hata nasikia makaa yakitua jikoni. Kisha natoa mkono, naye anaingia tena. Nilikuwa nikiizima nyumba nzima na kuiwasha.

Hata yeye aliacha kunitazama. Alifumba macho. Tukaenda hivyo, yeye akipiga sauti, mimi nikipiga kimya, mpaka Mama akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi na hakusema lolote.

Alipoacha, akakaa kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu, "Kule klabu sitakuwa na mkono wako."

Macho yake yakazunguka chumba, yakatua mlangoni. Ndara zangu zilikuwa pale, za bluu, bado mpya. Kabla sijaelewa alikuwa ameshachukua kisu cha samaki na kukata kipande cha upana wa kidole kutoka kisigino cha ndara ya kushoto. Akakisukuma chini ya nyuzi, kule mwisho, akapiga. Noti ikatoka fupi na nene, kama embe lililodondoka mchangani. Tatu, na kimya. Tatu, na kimya. Akacheka peke yake.

Mimi nililia. Nililia kwa ajili ya ndara, ndivyo nilivyowaambia. Asubuhi nilikwenda chuoni kisigino cha kushoto kinagusa chini, na ile baridi ya sakafu ya chuo niliibeba muhula mzima.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Manowari ikaja ikaondoka. Klabu ikafungwa, bendi ikahamia hoteli ya kaskazini, na miaka michache baadaye hoteli ikaona mtu mmoja na kinanda chenye besi na ngoma ndani yake anatosha. Mwenye vyombo akapita nyumba kwa nyumba akikusanya vyombo vyake, gitaa la Baba likiwemo, maana halikuwa lake kamwe. Baba akapata kazi ya ukarani bandarini. Besi hakuligusa tena, si arusini, si kwa rafiki. Ukimuuliza alijibu, "Basi tu," na alizikwa na jibu hilo.

Yote haya nilimweleza binti yangu filamu ikiwa imesimamishwa. Nikamwambia ya nini ile sponji. Akaelewa haraka kuliko mimi. Tulipoiwasha tena wakamleta Carol Kaye, aliyekuwa mpiga gitaa la kawaida mpaka siku moja ya 1963 mpiga besi alipokosekana studio huko Hollywood. Akalishika besi, na akaishia kurekodi maelfu ya nyimbo. Yeye naye alikuwa akizikandamiza nyuzi kwa kipande cha kitambaa kizito. Binti yangu akanitazama kwa furaha, kana kwamba Carol Kaye amekuja kututolea ushahidi.

Wakati wa Queen ulipofika, wengine ndio waliozungumza. Deacon tulimwona kwenye picha za zamani tu, kijana wa Leicester aliyesomea elektroniki London, kasimama nyuma karibu na ngoma.

"Mbona mwenyewe hasemi?"

Nikamwambia kwamba Freddie alifariki mwaka 1991, na Deacon akarekodi na wenzake kwa mara ya mwisho 1997, kisha akarudi kwake London kuishi na familia yake. Jukwaani hapandi tena.

"Kwa nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba kuna kimya kinachopigwa. Kwamba mtu hukichagua, akakiweka mahali pake kwa kiganja, na ni sehemu ya wimbo. Huenda cha Deacon ni hicho. Cha Baba ndicho kinachonisumbua. Miaka yote nimekichukulia kuwa ni uamuzi wa mtu anayejua kunyamaza, kwa kuwa ndivyo nilivyotaka awe. Lakini mtu aliyenyang'anywa gitaa naye hunyamaza, na ukiwa nje ya mlango huwezi kutofautisha. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kumuuliza vizuri. Sikumuuliza.

"Basi tu," nikamjibu, nikashtuka kusikia sauti ya nani imenitoka.

Usiku nilimpigia Mama. Kuhusu kiganja changu hakumbuki kitu. Anakumbuka glasi moja ya wageni iliyopasuka ndani ya kabati, na anasema kimya nilichokisikia kilikuwa ni mimi na baba yangu kuogopa kufungua mlango. Mimi glasi siikumbuki. Nimejaribu kuitia ndani ya kumbukumbu yangu na haipati nafasi.

Filamu ilimalizia kwa McCartney na lile besi lake la Höfner lenye umbo la fidla, alilonunua Hamburg 1961. Liliibwa London mwaka 1972, likakaa darini kwa watu, na 2024 ikatangazwa kwamba limerudi kwake. Binti yangu alikwishalala begani kwangu. Mimi nilikuwa nikifikiria gitaa jingine, la bei rahisi, rangi yake ya kahawia imechubuka pale mkono wa kulia unapolala. Sijui liliuzwa kwa nani wala kama lilivuka Likoni. Lakini anayelipiga sasa, akiinamisha uso na kuchungulia chini ya nyuzi, ataona kipande cha mpira wa bluu, upana wa kidole, upande mmoja una mistari ya soli.

Ningependa asikitoe.